Upande wa Mgeni

Mwezi wa Oktoba 2020, mashua za tanga zilizozoea kuleta samaki katika ufuo wa Paquitequete, mtaa mkongwe wa wavuvi wa Kiislamu ulio katika ncha ya mji wa Pemba nchini Msumbiji, zilianza kuleta watu. Walitoka Macomia na Quissanga na visiwa vya Kirimba, wengine wakiwa wamekaa baharini siku kadhaa bila ya maji ya kunywa, wazee wakishushwa kwa mabega ya vijana, na wanawake wengine wakiwa wamejifungua humo humo chomboni. Na katika muda wa majuma machache walishuka hapo watu zaidi ya elfu kumi. Pemba hii siyo ile ya karafuu aijuayo msomaji wa Unguja, bali ni mji mkuu wa mkoa wa Cabo Delgado, uliokuwa ukiitwa Porto Amélia hata mwaka 1975. Vita iliyowatoa watu hao makwao ilianza alfajiri ya tarehe 5 Oktoba 2017, pale watu wenye silaha, ambao wenyeji huwaita mashababi, waliposhambulia vituo vya polisi katika Mocímboa da Praia, mji ambao sisi tusemao Kiswahili tumezoea kuuita Msimbwa.

Walio wengi katika wale waliotawanyika hawakulala katika mahema ya mashirika. Walilala katika nyumba za watu: kwa jamaa wa mbali, kwa mtu aliyewahi kununua kwao samaki, au kwa mtu asiyewajua hata kidogo, aliyewakuta wameketi mchangani na watoto wao jua likichwa akawaambia waje. Nyumba za vyumba viwili zikabeba watu ishirini na zaidi. Mikeka ikatandikwa ukumbini, kisha uani, kisha chini ya mwembe. Nao wenyeji hawa hawakuwa matajiri wa kutoa cha ziada, kwa maana mwaka mmoja tu uliotangulia, tarehe 25 Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilikuwa kimeupiga mkoa huo, kikaangusha minazi, kikang'oa mapaa na kuzamisha vyombo vya kuvulia. Hesabu ya waliohama ilipofika kilele chake ilikaribia watu milioni moja, katika mkoa ambao wakazi wake wote hawafikii milioni tatu. Na serikali yoyote, hata yenye hazina kubwa kuliko ya Msumbiji, isingaliweza kuwahifadhi watu wengi kiasi hicho kama milango ya maskini isingalifunguliwa kwanza.

Sasa, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, tangu Palma iliyokuwa Tungi ya kale mpaka Ibo, ni pwani ya Waislamu, Wamwani kwa wingi wao; na Wakristo, ambao aghalabu ni Wamakonde wa nyanda za juu za Mueda na Muidumbe pamoja na Wamakua wa bara, ni wachache huko chini. Kwa hiyo Mkristo aliyekimbia akaangukia Paquitequete alipokewa, mara nyingi, na mtu asomaye Kurani. Na Mwislamu wa Msimbwa aliyekimbilia Mueda alipokewa, mara nyingi, katika ua wenye msalaba juu ya mlango. Jambo hili ndilo lililonisukuma niandike. Katika mahubiri yetu tumezoea kusema juu ya kumkaribisha mgeni kana kwamba Mkristo siku zote ndiye mwenye nyumba, naye mwingine siku zote ndiye abishaye hodi. Tukafanya ukarimu kuwa fadhila ya mwenye nacho. Walakini Injili, ikisomwa kwa utulivu, yamweka Masiya upande wa pili wa mlango, upande wa mgeni, na mtu asiyewahi kusimama upande huo hajui bado nusu ya maana ya neno analolihubiri.

Mwanzo wa habari hii ni wa watu wote wawili, Mkristo na Mwislamu. Ibrahimu, ambaye Waislamu humwita Khalilullahi, aliketi mlangoni pa hema yake kwenye mialoni ya Mamre wakati wa hari ya mchana, akaona watu watatu wamesimama. Akawaendea mbio, yeye mzee, akainama mpaka nchi, akawasihi wasimpite. Aliwaahidi kipande cha mkate, nao wakaletewa ndama laini, siagi na maziwa, na mikate ya unga safi aliyoioka Sara. Kwa maana mkarimu huahidi kidogo akatoa kingi, na mchoyo kinyume chake. Hakuwauliza kabila lao wala dini yao, na jina hakuuliza. Ndipo baada ya chakula ikatoka ahadi ya mtoto, ahadi iliyokuwa imengojwa miaka mingi katika nyumba ile. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania alikuwa na kisa hiki moyoni alipowaonya wasomaji wake wasisahau kuwafadhili wageni, maana wako waliowakaribisha malaika pasipo kujua. Na mwalimu wa chuoni pwani, naye akisimulia habari za Nabii Ibrahimu, huwafundisha watoto kwamba Mtume Muhammad aliunganisha kumwamini Mwenyezi Mungu na Siku ya Mwisho pamoja na kumkirimu mgeni, hata asiyefanya hili akatiliwa shaka katika lile.

Walakini Injili ya Mathayo, katika sura yake ya ishirini na tano, huenda hatua ambayo kisa cha Mamre hakikuifikia. Huko malaika walijifanya wageni kwa muda wa mlo mmoja kisha wakaenda zao. Hapa Mfalme anayehukumu mataifa yote asema kwamba yeye mwenyewe alikuwa na njaa, alikuwa na kiu, alikuwa mgeni, alikuwa uchi, mgonjwa, na mfungwa, na kwamba lililotendwa kwa mdogo kabisa katika ndugu zake lilitendwa kwake. Hasemi kwamba atalipokea kana kwamba lilitendwa kwake, wala hasemi kwamba alikuwa akiwajaribu watu kwa kujibadilisha sura. Asema ni yeye.

Na katika hukumu ile kuna jambo ambalo wasomaji wengi hulipita upesi. Walio mkono wa kuume hushangaa sawasawa na walio mkono wa kushoto. Wote wawili huuliza: lini? Wenye haki hawakumtambua Bwana wao katika yule mwenye kiu. Walimwona mwenye kiu tu, wakampa maji, basi. Kama wangalimtambua, ukarimu wao ungalikuwa wa namna nyingine, ungalikuwa utumishi wa mtu mbele ya mfalme, ambao hata mnafiki auweza, tena huuweza vizuri zaidi. Kwa hiyo sioni kwamba mafundisho haya yanamtaka Mkristo atazame nyuma ya mgeni, apenye uso wake ili amwone mwingine aliye mtukufu zaidi, akamfanya maskini huyo kuwa ngazi ya kupandia peponi. Mama aliyeshuka Paquitequete na mtoto mgonjwa hakuja ili awe mfano wa mtu mwingine. Alitaka maji, mahali pa kulaza mtoto, na mtu wa kumwonyesha njia ya zahanati. Akipata hayo kwa ajili yake mwenyewe, Kristo amepokewa. Akipewa hayo kwa jicho lililoelekezwa kwenye thawabu, nachelea kwamba wote wawili, yeye na Kristo, wameachwa nje.

Husemwa pia kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone, na methali hii husomwa kila penye sherehe ya kumpokea mheshimiwa, lakini ni nadra kusikia mtu akiuliza mwenyeji alikuwa mgonjwa wa nini. Pengine ugonjwa wenyewe ni huo wa kudhani kwamba nyumba ni yake.

Kwa msomaji wa pwani, ninaona kwamba hakuna kisa katika Agano Jipya kilicho karibu zaidi na mambo ya Paquitequete kuliko habari ya Mtume Paulo katika kisiwa cha Malta, iliyoandikwa katika sura ya mwisho ya Matendo ya Mitume. Paulo alikuwa mfungwa anayepelekwa Roma. Chombo kilipigwa na tufani majuma mawili, kikapanda mwamba na kuvunjika, na watu mia mbili sabini na sita wakaifikia pwani, wengine kwa kuogelea na wengine juu ya mbao. Waliowapokea walikuwa watu wa kisiwa, wasiosema Kiyunani, wasiojua habari ya Musa wala ya Yesu. Mwandishi, aliyekuwamo miongoni mwa hao walioloa, asema kwamba watu wale waliwafanyia fadhili zisizo za kawaida: waliwasha moto, wakawakaribisha wote, kwa ajili ya mvua iliyokuwa ikinyesha na kwa ajili ya baridi. Paulo mwenyewe akaokota kuni. Nyoka alipomwuma, wenyeji walisema hapana shaka huyu ni mwuaji. Alipokuwa hakufa, wakasema ni mungu. Na katika kukosea kwao kuwili hawakuuzima moto. Publio, mkuu wa kisiwa, akawakaribisha siku tatu, na baba yake aliyekuwa mgonjwa wa homa na kuhara damu akaponywa. Hapa mtume wa mataifa, aliyezoea kuwa mleta habari, ni mtu aliyeloa maji anayeota moto wa watu wengine. Kanisa laisoma habari hii na kukumbuka muujiza wa nyoka. Mimi ningependa likumbuke na zile kuni.

Tena, kila Misa, kabla ya kuijongelea Komunyo, Mkatoliki wa Pemba au wa Mueda husema kwa sauti maneno yaliyotoka katika kinywa cha mtu wa kigeni: yule akida wa jeshi la Kirumi, katika mji wa Kapernaumu, aliyejiona hastahili Bwana aingie chini ya dari yake. Kanisa lilikuwa na maneno mengi ya manabii na ya mitume ya kuchagua, likachagua ya askari wa dola iliyowatawala Wayahudi kwa mabavu. Na Bwana huyo, ambaye kila mmoja humwomba aje kama mgeni katika nyumba isiyomstahili, ndiye yule ambaye huko Emau, baada ya kusihiwa alale kwa kuwa kumekuchwa, aliketi mezani akautwaa mkate, akaubariki na kuumega, kazi ambayo kwa desturi ni ya mwenye nyumba. Mgeni akageuka mwenyeji, na hapo ndipo macho yao yalipofumbuliwa. Mtu aulizaye kwa nini wataalamu wa dini hulitia jambo la wageni karibu sana na Meza ya Bwana, jibu lake liko katika kijiji kile.

Wazee wa Kanisa la kale hawakuyaacha mambo haya kuwa ya kusemwa tu. Yohane wa kinywa cha dhahabu, aliyekuwa askofu wa Konstantinopoli mwishoni mwa karne ya nne, aliwataka waumini wake kila mmoja atenge chumba katika nyumba yake, kijulikane kuwa chumba cha Kristo, walale humo maskini na wasafiri. Na alikasirika alipoona wanasema kwamba Kanisa lina nyumba yake ya wageni, inatosha. Hoja yake ilikuwa kwamba kuomba kwa padre hakumwondolei mwingine wajibu wa kuomba. Naye Benedikto, mwanzilishi wa watawa Wabenedikto, aliandika katika kanuni yake, sura ya hamsini na tatu, kwamba wageni wote wapokewe kama Kristo mwenyewe, na kwamba uangalifu mkubwa zaidi uwe kwa maskini na mahujaji, kwa kuwa matajiri hujipatia heshima kwa kule kuogopwa kwao tu. Kanuni hiyo haikubaki Ulaya. Wamonaki Wabenedikto walifika kusini mwa Tanganyika mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, wakafungua misheni ya Ndanda mwaka 1906, na hospitali yao mpaka leo hupokea wagonjwa kutoka pande zote za kusini, siku za safari chache tu kutoka mto Ruvuma.

Na mto huo, tukiusema kwa haki, haukuwa mpaka katika mioyo ya watu wa pande zake mbili. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule mwanachuoni aliyefanya kazi kubwa ya kuyatia Maandiko katika Kiswahili cha Unguja, aliongoza kundi la watumwa waliokombolewa, wakapita Lindi wakielekea makwao upande wa Nyasa. Walipofika Masasi hawakuendelea, wakakaa hapo miongoni mwa Wamakua na Wayao, na kwa hiyo Kanisa la Masasi lilianzishwa na watu walionyang'anywa kwao, wageni katika nchi waliyoizindua kwa sala zao. Katika karne iliyofuata Wamakonde wa Msumbiji, walioitwa Wamawia, walivuka kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Lindi na Tanga. Kisha yakaja mauaji ya Mueda ya tarehe 16 Juni 1960, na vita ya ukombozi iliyoanza tarehe 25 Septemba 1964, hapo maelfu walipovuka kwa kuhofia majeshi ya Wareno. Wakapewa ardhi Rutamba katika Lindi na mahali pengine, na shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, lililoundwa na Walutheri mwaka huo huo wa 1964, likaingia kazini pamoja na serikali. Tanganyika ilikuwa nchi ya miaka mitatu, na ufukara wake haukuwa siri.

Ndiyo maana habari za mwaka 2021 zilikuwa chungu kwa watu wanaokumbuka mapokezi yale ya kwanza. Tarehe 24 Machi mwaka huo Palma ilishambuliwa, watu wakakimbia kwa miguu na kwa vyombo, wengi wakielekea Ruvuma; na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi likatangaza kwamba maelfu kati ya waliovuka kuomba hifadhi Tanzania walirudishwa Msumbiji kwa njia ya Negomano, mpakani. Najua hoja iliyotolewa, nayo si ya kudharauliwa: mashababi walikuwa wamekwisha kuvuka wakashambulia vijiji vya Mtwara mwaka 2020, na serikali yoyote ina deni la usalama kwa raia zake. Hata hivyo mama aliyerudishwa Negomano alikuwa akikimbia watu wale wale ambao serikali ilikuwa ikiwaogopa.

Hofu, basi, haiwezi kuachwa nje ya makala ya namna hii, kwa maana ukarimu usioitaja hofu ni ukarimu wa watu wanaoishi mbali na vita. Kurani, inapokisimulia kisa cha Ibrahimu na wageni wake, yataja jambo ambalo Kitabu cha Mwanzo hakina: wageni hawakuinyosha mikono yao kwenye ndama, naye Ibrahimu akaingiwa na hofu. Mgeni asiyekula chakula cha mwenyeji, kwa desturi za Waarabu kama zilivyo za kwetu, huenda amekuja kwa shari. Baba wa wakarimu wote alihofu, na chakula kilikuwa kimekwisha kuandaliwa. Katika Cabo Delgado hofu hiyo ilikuwa na sababu za wazi: vijana waliwahi kuondoka kijijini wakarudi na silaha, mtu akasalitiwa na jirani, na kwa kuwa wengi katika waliojiunga mwanzoni walitoka pwani, Mmwani aliyefika bara akiwa na kofia yake na lafudhi yake alitazamwa kwa jicho la pembeni, ilhali naye alikuwa amechomewa nyumba. Hapo kale pwani na nyanda za juu zilikuwa na deni la biashara ya watumwa kati yao, na deni la namna hiyo halisahauliki kwa amri. Kwa hiyo Mmakonde Mkristo wa Mueda aliyemfungulia mlango Mwislamu wa Msimbwa alifungua zaidi ya mlango.

Kanisa la huko lilijua bei ya jambo hilo. Mwezi wa Aprili 2020, katika juma la Mateso, wilaya ya Muidumbe ilishambuliwa. Katika kijiji cha Xitaxi waliuawa vijana takriban hamsini waliokataa kujiunga, na misheni ya Nangololo, iliyoanzishwa na wamisionari Wamonfort mwaka 1924, ikavamiwa, kisha baadaye katika mwaka huo ikaharibiwa. Masista wawili wa Kibrazili walichukuliwa mateka Msimbwa mwezi wa Agosti, wakaachiwa Septemba. Askofu wa Pemba wa wakati ule, Luiz Fernando Lisboa, mzaliwa wa Brazili, alisema hadharani habari za wakimbizi pale ambapo wengine waliona afadhali kunyamaza, na Papa Fransisko akampigia simu kumtia moyo; mwaka 2021 akahamishiwa Brazili, na tangu 2022 jimbo linaongozwa na Askofu António Juliasse Ferreira Sandramo. Mwaka huo wa 2022, tarehe 6 Septemba, sista Mkomboni Mwitaliano, Maria De Coppi, mwenye umri wa zaidi ya miaka themanini, aliuawa katika misheni ya Chipene, mkoa jirani wa Nampula. Alikuwa amekaa Msumbiji tangu mwaka 1963. Sijui tumwite mgeni au mwenyeji, na nadhani yeye mwenyewe alikwisha kuacha kuuliza.

Kipo kijiji kimoja karibu na Palma ambacho kingalistahili makala yake peke yake. Quitunda kilijengwa ili wahamie humo watu walioondolewa katika rasi ya Afungi, palipotakiwa pajengwe kiwanda cha gesi. Watu hao walikuwa wameacha mashamba, mikorosho, makaburi ya wazee wao na njia zao za kuendea pwani, wakapewa nyumba za matofali zilizopangwa kwa safu. Palma ilipoangukiwa na maangamizi, maelfu ya waliokimbia walimiminika Quitunda, na wale waliohamishwa wakawa wenyeji wa waliofukuzwa. Torati, inapowaamuru Waisraeli wampende mgeni, huwapa sababu moja tu, nayo huirudia mara kwa mara: kwa kuwa ninyi mlikuwa wageni katika nchi ya Misri. Quitunda hawakuhitaji kukumbushwa.

Limebaki suala la jembe. Didake, kitabu kidogo cha mafundisho kilichoandikwa katika zama za karibu sana na za mitume, chaamuru kwamba kila ajaye kwa jina la Bwana apokewe, kisha apimwe. Akiwa ni mpita njia, asaidiwe kwa kadiri iwezekanavyo, wala asikae zaidi ya siku mbili, au tatu ikilazimu. Akitaka kukaa naye ana kazi ya mikono, na afanye kazi ale. Na asiyekubali hivyo ni mtu afanyaye biashara kwa jina la Kristo. Kwa Waislamu nako haki ya mgeni huhesabiwa siku tatu, na zipitazo hapo ni sadaka. Nasi twasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kupatana huku kwa watu ambao hawakusomeana vitabu kwanionyesha kwamba jembe halikuwa njia ya kumfukuza mgeni kwa adabu, kama wachekeshaji wanavyolitumia. Anayepewa jembe hupewa na mahali pa kulima. Ameacha kuwa mtu wa kulishwa, akawa mtu wa kutegemewa.

Lakini siku ya tatu ya Cabo Delgado imekuwa miaka. Katika Metuge, Ancuabe, Chiúre na Montepuez serikali iligawa viwanja, Karitasi ya jimbo na mashirika mengine wakagawa mbegu na majembe, na ardhi yenyewe, ingawa sheria ya mwaka 1997 yaihesabu kuwa mali ya dola, ilitoka katika mikono ya wenyeji waliokuwa wakiilima. Chakula cha msaada kikahesabiwa kwa madaftari ya waliohama, na mwenyeji aliyewapisha vyumba vyake akasimama kando ya foleni akitazama. Kisima cha kijiji kimoja kikanywesha vitatu. Desemba 2024 kimbunga Chido kikapita Mecúfi na maeneo ya jirani, kikaezua kwa mwenyeji na kwa mgeni bila ya kuuliza. Wako waliorudi Msimbwa na Palma tangu majeshi ya Rwanda yalipofika mwaka 2021. Wako waliorudi wakakimbia tena. Wako ambao hawatarudi.

Kwa desturi ya pande zile, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya pwani yetu, mtu aliyeazimwa shamba aweza kulima muhogo, mahindi, kunde na ufuta, mazao ya msimu. Lakini hapandi mti wa kudumu, kwa sababu mti ni wa aliyeupanda, na mwenye mkorosho ana neno juu ya ardhi uliomo. Mkorosho huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi. Maana yake ni kwamba mgeni aliyefika Metuge mwaka 2020, kama angaliruhusiwa kupanda mwaka ule ule, leo angalikuwa akiuza korosho zake. Na wengi wao bado wanalima muhogo wa kuazima. Kitabu cha Mambo ya Walawi chamwagiza Mwisraeli amhesabu mgeni kuwa sawa na mzalia, na baadaye, katika sura ya Yubile, Mungu amwambia huyo mzalia kwamba nchi haiuzwi kabisa, kwa kuwa nchi ni yake Mungu, na wote wakaao ndani yake ni wageni na wapangaji wake. Padre wa Metuge aweza kulihubiri hilo Jumapili na likaitikiwa amina. Jumatatu mwenye shamba na mgeni wake watakutana mpakani, na neno litakalozungumzwa hapo litakuwa la mche wa mkorosho, upandwe au usipandwe.